Mali Bila Daftari

Kila Jumatatu grafu hunisalimia kabla ya chai.
Mstari mwekundu, umelala kama mbwa wa buchani
aliyeshiba mifupa ya jana.
Waliopakua: mia tatu na kumi.
Waliofuta: mia mbili themanini na tisa.
Mapato ya matangazo: dola moja na senti kumi na nne.
Inatosha rolexi moja. Ya pili nikope.

Mchezo wenyewe mwepesi, hata mamangu aliuelewa:
baiskeli, mlima, mikungu ya matoke.
Unaburuta mkungu kwa kidole, unaupandisha kwenye keria,
mmoja, wa pili, wa saba,
hadi gurudumu la mbele linyanyuke na vyote vianguke
puu!
Sauti hiyo niliirekodi mwenyewe
kwa kudondosha boga sakafuni, chumbani kwetu
juu ya maduka ya vipuri, Kisekka,
na mwenye nyumba akapanda ngazi kuuliza nani amekufa.

Mwenzangu Nabwire ndiye mwenye hesabu.
"Simu imejaa," husema. "Video ya harusi ya binamu imeingia,
dakika kumi na mbili. Nini kitatoka?
Picha za mtoto? Thubutu. Baiskeli yako."
Anajua saa tunazochezwa:
usiku saa tano, walinzi wa benki;
mchana saa nane, wasusi ambao hawajapata kichwa.
Anajua siku ya bando kuisha
kama mama ajuavyo homa ya mwanawe.
Michezo ya nje, ya peremende na almasi,
imekalia kichwa cha orodha.
Sisi tuko chini huko ambako hakuna kidole kilichowahi kufika.

Akanisomea wilaya kwa wilaya.
Mbarara, tisini. Mbale, arobaini na mbili.
Lira, kumi na mmoja.
"Timu ya mpira," nikasema, "bila hata mwamuzi."

Kisha nikaenda Lira, kwa mazishi, si kwa biashara.
Karibu na kituo cha mabasi, kibanda cha buluu:
Apili anauza chaji, vioo vya simu,
na kadi za kumbukumbu alizozijaza
nyimbo, mahubiri, michezo.
Ubaoni kaandika kwa chaki: BAISKELI, ELFU MOJA.

Puu!
Nikageuka. Boga langu.
Puu! kwenye benchi. Puu! kwa muuza mahindi ya kuchoma.
Puu! ndani ya mkoba wa mwalimu
aliyetazama pembeni kama aliyesingiziwa.
Hakuna mtandao uliohusika. Kadi kwa kadi,
simu kwa simu, kama upele wa bwenini,
na hakuna hata moja iliyopiga hodi kwenye grafu yangu.

"Umeuza ngapi?"
Akafungua daftari la shule lisilo na jalada.
Vijiti vinne, cha tano kinakata,
tano, tano, tano, kurasa sita.
"Lakini wanalalamika," akasema bila kuniangalia.
"Mbona matoke tu? Aliyeutengeneza
hajawahi kuona gunia la ufuta?"
Nikameza mate.

Msichana mwenye kidonda gotini akaninyooshea simu ya kakake:
ngazi ya arobaini na tatu.
Mimi niliishia arobaini. Mbele ya hapo sikuchora kitu,
nilidhani hakuna atakayefika.
"Kuna nini huko?"
"Mlima uleule," akasema, "ila usiku.
Huoni kitu. Unasikiliza tu."

Ningeweza kumgombeza Apili,
mwizi wangu, na mhasibu wangu wa pekee.
Mali bila daftari hupotea bila habari, wafanyabiashara husema,
na kumbe daftari lilikuwepo,
ncha zimekunjamana, linanukia mafuta ya taa.

Nikatoa noti ya elfu.
Akachora kijiti, akanipa kadi,
akasema nisipoupenda
nirudi kesho, atanibadilishia.